Saa moja yako ina dakika ngapi?

"Shangazi, shikamoo. Nilimpeleka mke wangu Las Vegas, mji wa kamari kule Marekani, kuadhimisha miaka 10 ya ndoa. Siku ya pili tu akaanza kudai turudi. Kumbe mji wenyewe ni utapeli mtupu: hoteli ilitubandika ada juu ya bei ya chumba, na kamari ya ruleti ikanila dola 2,400, wakati nilicheza saa moja tu kila usiku, siku tatu, dola 15 kila mzunguko. Sasa mke kaninunia. Kosa langu nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kununiwa. Pole zangu zimeishia hapo.

Gurudumu la ruleti, lenye vishimo vya namba ambamo kimpira hutua, huzungushwa mara 40 hivi kwa saa. Saa tatu, mizunguko 120; kwa dola 15 ni dola 1,800. Hata ungekosa yote, bila kubahatisha hata mmoja, 2,400 hufiki! Ama ulipandisha dau, ama hiyo "saa moja" ilikatika alfajiri, mwenzio yuko chumbani anatazama dari. Kasino nyingi hazina dirisha wala saa ya ukutani, na mchezaji huletewa pombe ya bure palepale alipokaa. Aliyelewa hahesabu.

Meza je, uliikagua? Nyingi za dau dogo kule zina sufuri tatu juu ya namba 1 hadi 36. Vishimo ni 39, lakini ukipatia namba unalipwa 35 kwa 1. Kasino inajibakizia wastani wa dola 7.69 katika kila 100. Yenye sufuri moja inabakiza 2.70, ila dau lake la chini huwa kubwa. Huo si utapeli, sufuri zote tatu zimechorwa mezani.

Kwenye ada ya hoteli nakuunga mkono kidogo. Hutozwa kila usiku kwa huduma kama bwawa, uogelee usiogelee. Lakini tangu Mei 2025 kanuni ya Marekani inataka ijumlishwe katika bei inayotangazwa, kwa hiyo soma kabla ya kulipa.

Ndoa za siku hizi nazo! Miaka 10 inapimwa kwa taa zitakazotokea kwenye picha. Barua yako nzima haisemi mkeo alikula wapi, alikuwa na nani, ulimuuliza anataka kwenda wapi. Mimi niko upande wake.

Risiti za mashine ya kutolea pesa zina tarehe na saa. Mpe zote, pamoja na ile uliyoikunja ndani ya pochi. Akianza kujumlisha, usimsahihishe.