Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutambua Mabaki ya Wanyama

Ndugu mnaoanza kazi hii hapa Zanzibar, mtaletewa mifupa iliyokwisha kupewa jina: ya jini wa baharini, ya popobawa, yule pepo anayesimuliwa kuwa na mabawa ya popo, au ya chui wa kufugwa. Msimkatize aliyeileta. Muulizeni aliiokota wapi, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, ilikuwa na nyama kiasi gani na nani aliigusa kabla yake, kwa maana mfupa utabaki mezani lakini maelezo hayo husahaulika upesi.

Kinachowatisha watu zaidi ni mkono. Pezi la mbele la nguva, nyama ikishaoza, huacha mfupa mmoja wa juu, miwili ya kigasha na vidole vitano, ndiyo maana wengi huapa kwamba wameona mkono wa mtu. Basi acheni mkono kwanza, mtafute mbavu. Ubavu wa nguva ukiushika huwa mzito kuliko ulivyotarajia, na ukiukata kwa msumeno utauona umeshikamana kama pembe ya ndovu, bila uwazi wa uboho ndani. Fuvu lake nalo lina pua iliyopinda kuelekea chini, ambayo binadamu hana kabisa. Papa hana mfupa hata mmoja. Pingili zake ni visahani vya gegedu vilivyobonyea pande zote mbili.

Bawa kubwa likitoka Pemba, anzeni na popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6.

Nyama isiyo na umbo ndiyo hudanganya hata wataalamu. Mzoga uliotupwa pwani ya Chile mwaka 2003 ulidhaniwa kuwa pweza wa ajabu, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha mwaka uliofuata kuwa ni wa nyangumi. Kwa hiyo kateni kipande mapema, mkitie katika ethanoli, yaani spiriti, wala si formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo huharibu vinasaba, na lebo muiandike kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka humo.

Kuhusu chui nawasihi muwe waangalifu mno. Husimuliwa kwamba wachawi humfuga, lakini chui wa Unguja ni mnyama wa kweli, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1932, na ushahidi wake leo ni adimu. Ngozi ya madoa ikiletwa pamoja na habari za uchawi, ziandikeni habari hizo zote, pimeni ngozi na kuipiga picha, wala msiirudishe kabla ya kuomba nywele chache zilizong'olewa pamoja na mizizi yake.