Atomu haina chaji, sasa inashikanaje na mwenzake?

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza: atomu nzima haina chaji, protoni zake zenye chaji chanya na elektroni zake zenye chaji hasi zimelingana, sasa sifuri na sifuri zinavutanaje? La pili: je, ni kweli bondi, yaani mshikamano wa atomu na atomu, ikivunjika inatoa nishati, kama ulivyoandikiwa kwenye notsi? Nafundisha kemia hapa Tanga na maswali haya hunijia karibu kila mwaka. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu vitabu vingi vya mitihani hulipita mbio, kisha mwanafunzi anabaki anakariri.

Atomu haina chaji ukiitazama kwa mbali. Ndani yake kuna kiini chenye chaji chanya, na elektroni zimetandaa kukizunguka. Mwanafizikia Coulomb alionyesha mwaka 1785 kwamba nguvu kati ya chaji mbili hubadilika kinyume na mraba wa umbali: umbali ukipungua nusu, nguvu inakuwa mara nne. Kwa mbali, mvuto na msukumo wa vipande hivi vinafutana. Atomu zikikaribiana sana, havifutani tena, maana kila kipande kina umbali wake na kila umbali una nguvu yake.

Chukua atomu mbili za hidrojeni. Una viini viwili na elektroni mbili. Viini vinasukumana, elektroni zinasukumana, lakini kila kiini sasa kinavuta pia elektroni ya mwenzake. Elektroni zikikaa zaidi katika nafasi iliyo kati ya viini, zinavutwa na pande zote mbili, na zenyewe zinavivuta viini vyote kuelekea katikati. Mvuto unashinda. Visogeze viini karibu kupita kiasi, msukumo wao unapanda ghafla na elektroni nazo zinakataa kubanwa. Mahali pande mbili zinapolingana ni pikomita 74, yaani sehemu 74 za trilioni za mita. Hapo ndipo bondi ilipo. Hakuna kamba wala gundi, na kile kistari tunachochora kati ya H na H ni alama tu. Kuzitenganisha atomu hizo kunahitaji kilojuli 436 (kilojuli ni kipimo cha nishati) kwa moli, yaani kwa fungu moja la kawaida la kemia lenye chembe nyingi mno.

Wanafunzi wazuri hunibana hapo: kama ni umeme tu, mbona heliamu haishikani na heliamu? Hoja ni ya kweli. Umeme unavuta, ila haupangi peke yake elektroni zikae wapi. Kanuni ya mwanafizikia Pauli ya mwaka 1925 inaruhusu elektroni mbili tu katika nafasi moja, nazo ziwe na spini (tabia ya elektroni yenye hali mbili tu) za kinyume. Atomu mbili za heliamu zina elektroni nne. Mbili zinajaza nafasi ya katikati, na mbili zilizobaki zinalazimika kuchukua mpangilio mwingine ambao unaacha katikati patupu na kujaza nje ya viini, kwa hiyo zinavivuta viini vitengane. Faida yote inapotea. Ndiyo maana bondi ya H na H haikupata maelezo ya kuridhisha mpaka mwaka 1927, wanafizikia Heitler na London walipoikokotoa kwa fizikia ya kwanta, ile inayoeleza tabia za chembe ndogo kama elektroni. Mwaka 1939 mwanafizikia Richard Feynman, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, aliandika jambo ambalo napenda kulirudia darasani: ukishajua elektroni zimetandaa vipi, nguvu inayokishika kila kiini unaipata kwa sheria ya kawaida ya umeme, ile ile ya Coulomb.

Sasa tuje kwenye chumvi, ambayo sisi watu wa pwani tunaiona ikizaliwa. Notsi zinasema sodiamu “inapenda” kutoa elektroni na klorini “inapenda” kupokea. Sipendi kabisa maelezo haya, kwa sababu hesabu inayakataa. Kuing'oa elektroni ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Umebaki na deni la 147. Deni hilo linalipwa na mvuto kati ya ayoni mbili, yaani atomu zenye chaji, zilizopatikana. Gawanya 138,900 kwa umbali wa pikomita, utapata nishati ya mvuto huo kwa kilojuli. Katika pikomita 945 hivi deni limekwisha. Ndani ya punje ya chumvi, ayoni jirani ziko pikomita 282 tu, na jozi moja inatoa takribani 493. Tena kila ayoni imezungukwa na sita za chaji ya kinyume. Ukijumlisha mivuto na misukumo yote ya punje nzima, unafika kilojuli 787 kwa moli. Usishangae kwamba chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi joto 801.

Jaribu hili nyumbani. Tafuta punje kubwa safi ya chumvi ya mawe uigonge taratibu kwa nyundo. Itapasuka, na ukiangalia vizuri utaona nyuso bapa na kona za mraba. Ukigonga msumari, unapinda tu. Katika chumvi, tabaka moja likiteleza kidogo, chanya inakuja mbele ya chanya na hasi mbele ya hasi, na umeme ule ule ulioshikilia sasa unasukuma. Katika chuma, elektroni za nje ni za wote, kwa hiyo tabaka likiteleza bado zinazishikilia atomu.

Ukienda kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Mkinga, hapa Tanga, utaona kazi hii ikifanyika kinyumenyume. Molekuli ya maji ina upande wa oksijeni ulio hasi kidogo na pande za hidrojeni zilizo chanya kidogo. Inaizingira kila ayoni, na mvuto kati ya sodiamu na kloridi unapungua karibu mara 80. Ndiyo maana bahari inabeba gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji bila hata punje kuonekana. Jua likiondoa maji, jasi (kalsiamu salfeti) inaanguka kabla ya chumvi ya kula. Chumvi ya kula inaanza kuanguka maji yakiwa yamebaki kama sehemu ya kumi. Jasi ina ayoni za chaji mbili mbili, na mbili mara mbili ni nne, kwa hiyo mvuto wake ni mkubwa zaidi kwa umbali ule ule. Lakini usiifanye hii kuwa kanuni ya kila mahali. Magnesiamu salfeti ina chaji hizo hizo na inayeyuka majini kirahisi, kwa kuwa ayoni ya magnesiamu ni ndogo na maji yanaing'ang'ania sana. Inabaki kwenye yale maji machungu chumvi ikishavunwa.

Mkonge nao una chaji ndogo ndogo kama hizi za maji. Ndani ya mnyororo wa selulosi, ile inayojenga nyuzi zake, atomu zinashirikiana elektroni, na bondi moja ni kilojuli 350 hivi. Kati ya mnyororo na mnyororo kuna bondi za hidrojeni, yaani mvuto kati ya hidrojeni iliyo chanya kidogo na oksijeni iliyo hasi kidogo, kila moja kama 20, ila ni nyingi mno.

La pili, lile la bondi kuvunjika, nitalijibu kwa namba. Kuvunja bondi daima kunakula nishati, hakuna ubaguzi. Nishati inatoka bondi mpya zinapofungwa. Unguza moli moja ya hidrojeni: unalipa 436 kuivunja, na 249 kuvunja nusu moli ya oksijeni, jumla 685. Kisha zinafungwa bondi mbili za O–H, kila moja 463, jumla 926. Toa 685 kwenye 926. Zile 241 zilizobaki ndizo moto unaouona. Ukikuta swali la mtihani linasema “nishati inayotolewa bondi inapovunjika”, andika kwamba inafyonzwa, na uweke hesabu hii chini yake.