Pua imeziba miaka? Uliza kwanza kinachoiziba

Daktari wa masikio, pua na koo akikwambia nyama za pua zako, zile za kawaida zilizo ndani kwenye kuta za pembeni, zinaweza kupunguzwa pale pale chumbani kwake, kwa sindano ya ganzi na bila kulazwa, usikatae kwa woga. Mimi nilifanyiwa, na sasa nalala mdomo umefungwa.

Lakini muulize kwanza kinachoziba ni nini. Nyama za chini za pua huvimba kwa aleji, na kwetu Pemba, kwenye unyevu huu na kuta zenye ukungu, vijidudu vya vumbi la magodoro havikosi. Hizo ndizo zinazopunguzwa kwa ganzi. Kama kilichopinda ni ukuta wa kati, mara nyingi hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji. Na kama unatia kila siku matone ya kuzibua pua, mwambie daktari bila kuficha. Yakipita siku 5 hadi 7, matone hayo yenyewe huanza kuvimbisha pua, na ukiyaacha huenda usihitaji kupunguzwa nyama yoyote. Hapa nawaombeni sana, ndugu zangu, maana kila nyumba ninayolala nakuta kichupa kando ya mto.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kijiti chembamba huingizwa ndani ya nyama, kikapitisha mawimbi ya redio, na joto lake huifanya inywee taratibu wiki zinazofuata. Machozi hutoka, maumivu si ya kutisha. Sisitiza apunguze tu, asiziondoe: ndizo zinazopasha joto na kulowesha hewa unayovuta.

Wiki ya kwanza pua huziba kuliko mwanzo, kwa uvimbe na magamba. Usipenge kwa nguvu. Ioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni sunna kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, basi liache hilo mpaka upone. Udhu wako unasihi. Udi na ufukizwe chumba kingine. Damu kidogo kwenye kamasi ni kawaida, ila ikichuruzika na isikatike baada ya kuminya pua dakika 15, nenda hospitali usiku huo huo.

Aleji yenyewe haichomwi. Endelea na dawa ya kupuliza uliyoandikiwa, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, la sivyo nyama zitavimba tena.