Jibu: Leza badala ya miwani ya kusomea

Ndugu, umeuliza kama leza itakuondolea miwani ya kusomea ukiwa na miaka 47. Inaweza kupunguza shida, ila hairudishi jicho la ujana. Kinachokusumbua ni lenzi ya ndani: inakakamaa kidogo kidogo, na kufikia miaka ya arobaini haibadiliki umbo vya kutosha kutazama vitu vya karibu. Leza ya LASIK haiigusi lenzi hiyo, inachonga konea, yaani kile kioo cha mbele. Ndiyo maana mara nyingi jicho moja huachiwa kazi ya kuona mbali na jingine hurekebishwa lione karibu, ubongo uchague wenyewe.

Wengine huzoea, wengine wapi. Mimi nilijaribishwa kwanza mpangilio huo kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho. Simu nilisoma vizuri, lakini siku ya pili nikamimina chai pembeni ya kikombe, na usiku taa za magari zikawa zinazungukwa na duara la mwanga. Nikaghairi. Usikubali kuchongwa kabla ya jaribio hilo. Halafu lenzi itazidi kukakamaa, kwa hiyo hata ukifanyiwa, baadaye unaweza kurudia miwani. Yangu, yenye nguvu ya +1.75, inaning'inia shingoni kwa kamba. Watoto wananiita mwalimu mkuu.