Galanos na watoto, mwisho huu wa kaskazi

Dada uliyeuliza kama watoto wanaweza kushinda kwenye chemchemi ya maji moto ya Galanos, hapa Tanga: wanaweza, ila nendeni kabla masika hayajashika, maana njia za udongo zikilowa ni tope tupu. Maji yale yana salfa, harufu ya yai viza utaipata kabla hujayaona. Vua pete na mikufu ya fedha nyumbani, itageuka nyeusi. Watoto usiwaache wajitumbukize. Teka kwa ndoo, yapoe, pima kwa kiwiko ndipo uwaogeshe, na yasiwaingie machoni. Wazee wetu huenda kukanda magoti na kuosha ukurutu. Wengi wanasema wanapata nafuu, mimi tiba siahidi, ila usingizi wa usiku ule ni mtamu kweli! Beba dumu la maji baridi ya kujisuuza.

Jua likiwa kali, hamieni mapango ya Amboni, ni jirani tu. Ndani ya yale mawe ya chokaa kuna ubaridi, giza, na popo kibao. Vaeni raba, ndala zitawaangusha.