Baba amepatwa na kiharusi: je, sindano ya seli shina itamrudishia mkono?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Baba yangu ana miaka 61, ni fundi wa kofia za viua, kibaraza chake kiko Mji wa Kale hapa Mombasa. Miezi saba iliyopita alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mguu umerudi, anatembea kwa mkongojo, ila mkono umekunjika na vidole vinafunguka kidogo tu. Wakala mmoja ametwambia kuna kliniki nje ya nchi wanadunga seli shina, ubongo ukaota upya. Bei yake tusipouza shamba la Kilifi hatuiwezi. Tena nimesikia ubongo una seli shina zake wenyewe. Kama anazo, mbona hazimponyi? (Binti wa Kisauni)

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kwanza shamba: msiuze. Pili, mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mnaniita daktari kwa heshima tu. Lakini mikono iliyokunjika ndiyo kazi yangu ya kila siku, na habari za seli shina nazifuatilia kwa sababu wagonjwa hawaachi kuniuliza.

Hilo la "anazo, mbona hazimponyi" ndilo swali lenyewe. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu. Ile ya neva inaweza kuzaa nuroni, yaani seli inayopeleka amri na habari, au ikazaa seli za kuzihudumia nuroni. Zamani wataalamu waliamini mtu mzima hazai nuroni hata moja. Miaka ya 1960, Mmarekani Joseph Altman alionyesha kwamba panya wazima wanazizaa, na wenzake hawakumsikiliza. Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao wakachunguza ubongo wa wagonjwa wa saratani waliofariki, ambao walipokuwa hai walitiwa dawa inayoweka alama kwenye seli zinazogawanyika. Wakakuta nuroni changa ndani ya hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Ubishi haukuishia hapo: mwaka 2018 kundi moja lilisema kwa watu wazima hazionekani kabisa, jingine likasema zipo mpaka uzeeni.

Kuhusu kiharusi, jaribio ninalolirudia mara nyingi ni la Lund, Sweden, mwaka 2002. Olle Lindvall na wenzake waliziba mshipa wa ubongo wa panya kisha wakangoja. Seli shina zinazokaa kando ya vyumba vya maji vya ubongo ziliamka, zikazaana, na watoto wake wakasafiri wenyewe mpaka penye jeraha. Niliposoma mara ya kwanza nilisisimka. Halafu nikafika kwenye hesabu. Zaidi ya asilimia 80 ya nuroni hizo changa zilikufa ndani ya wiki chache, na zilizobaki zilijaza takriban asilimia 0.2 ya nafasi za nuroni zilizouawa na kiharusi chenyewe. Hebu chukua shamba lenu: minazi 1,000 imeanguka, imeota 2.

Mbona chache hivyo? Jeraha la kiharusi ni mahali pabaya pa kukulia. Damu haifiki vizuri, pana uvimbe, baadaye hufanyika kovu. Hata nuroni changa iliyopona ina safari. Uzi wa neva unaoongoza vidole vya baba hutoka juu ya ubongo, ukashuka hadi kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo. Alipokuwa tumboni mwa mamake, njia hiyo ilikuwa fupi mno na dalili za kuuongoza uzi zilikuwepo. Leo ni ndefu na dalili zimefutika. Kuipata nuroni mpya ni jambo moja, kuiunga na kidole gumba ni jambo jingine kabisa.

Basi watu wakasema, tuzitie kutoka nje. Glasgow, Scotland, kuanzia mwaka 2010, wanaume 11 waliokuwa wamekaa na kiharusi miezi sita hadi miaka mitano walitobolewa fuvu, wakatiwa seli shina za neva zilizokuzwa maabara, kuanzia milioni 2 hadi milioni 20. Seli zenyewe hazikuwadhuru, na baadhi yao wakaonyesha nafuu kidogo. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hivyo huwezi kusema nafuu ile ni ya seli au ni ya mazoezi na matumaini. Japani walijaribu seli za uboho kupitia mshipa, ndani ya saa 36 za kiharusi, wagonjwa wapatao 200. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa. Mara nyingi kliniki za biashara hutumia njia hiyohiyo ya mshipa, na seli nyingi zikipita huko hunasa kwenye mapafu. Hata pale zinapowafaa wanyama, zaidi hutoa kemikali za kutuliza uvimbe na kuzisaidia nuroni zilizobaki. Ni mbolea, si miche.

Hatari nayo ipo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari za mzee wa miaka 66 aliyepatwa na kiharusi, akazunguka China, Argentina na Mexico akidungwa seli shina mgongoni. Kukaota uvimbe kwenye uti wa mgongo na miguu ikapooza. Vipimo vilionyesha seli za uvimbe ule si zake, ni za mtu mwingine. Muulize wakala wako: seli mnazitoa kwa nani? Jaribio limesajiliwa wapi? Na kama ni jaribio, mbona mnalipisha? Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa.

Sasa mkono. Ule mguu uliouona ukirudi haukurudishwa na seli mpya. Ni nuroni zilizosalia zimejifunza njia nyingine, na hujifunza kwa kurudiarudia. Kasi kubwa huwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, lakini saba si mwisho. Jaribio moja la Marekani lililotoka mwaka 2006 lilichukua watu waliokuwa na kiharusi cha miezi mitatu hadi tisa, kama baba. Mkono usio na tatizo ulivishwa glavu nene karibu siku nzima kwa wiki mbili, ule mbovu ukalazimishwa kufanya kazi saa nyingi kila siku. Waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye bado ilikuwepo. Sharti ni kwamba kifundo na vidole viwe vinafunguka kidogo, na vya baba unasema vinafunguka. Usianze peke yako lakini, mtu akivalishwa glavu huku anatumia mkongojo anaweza kuanguka. Nendeni fiziotherapia hospitali ya Makadara au iliyo karibu nanyi, muwatajie tiba hiyo, na muulize pia kama misuli iliyokaza inahitaji sindano ya kuilegeza.

Wakandaji nawaheshimu, bibi yangu alikuwa mmoja wao. Ila asivutwe mkono huo, wala msimwinue kitandani kwa kumshika kwapa. Bega lililolegea huteguka upesi, na likishauma hatafanya zoezi lolote. Presha ipimwe kila wiki, vidonge visikatizwe kwa sababu "anajisikia vizuri", na ng'onda na achari vipungue mezani. Kiharusi cha pili huwa hakina huruma.

Nyumbani mpe kazi anayoijua. Usimpe mpira wa kuminya, utamchosha bure, na vidole vyake tayari vinajua kukunja, shida ni kufungua. Mpe kitambaa kigumu na sindano nene ya kushonea magunia. Mkono wa kushoto ushike kitambaa tu, wa kulia uchome, uachie, uchome tena. Kule kuachia ndiko zoezi. Nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, na mhesabu matundu. Kitambaa cha siku ya kwanza kitakuwa kibaya na atataka kukitupa. Kifiche, ukiandike tarehe, umwonyeshe baada ya mwezi.