Usimtumie mtu picha ya sahihi yako

SWALI

Shikamoo Bibi. Nafanya kazi Muscat, na nyumbani Tanga nina fremu za biashara ambazo mdogo wangu ananisimamia. Mpangaji mpya akija lazima mimi mwenye mali nisaini mkataba. Mdogo wangu anataka nisaini kwenye karatasi nyeupe, niipige picha na kumtumia kwa WhatsApp, halafu awe anaibandika mwenyewe kwenye kila mkataba ili watu wasisubiri. Simshuku kwa lolote, lakini moyo unasita. Unanishauri nini?
Msomaji, Muscat

JIBU

Marahaba mwanangu. Moyo umesita mahali pake. Usiitume.

Wala simsemi mdogo wako. Nasema simu yake, ambayo inaweza kuibwa stendi au kukaa siku nzima kwa fundi. Atakayeipata picha hiyo anaweza kuibandika kwenye mkataba wa mkopo, kwenye hati ya mauziano ya kiwanja, kwenye barua ya kwenda benki. Nawe siku ukiitwa kujibu, utakuwa unakana mwandiko ambao kweli ni wako. Ikiwa simu hiyohiyo ina picha ya kitambulisho chako cha NIDA, na najua ndugu wengi hutumiana, hapo mtu amekamilishiwa kila kitu.

Nimekaa masjala za mawakili tangu enzi za taipureta. Mkataba wa kurasa sita tulikuwa hatuuachii usainiwe ukurasa wa mwisho tu. Kila ukurasa uliwekewa vifupisho vya majina ya pande zote, kwa sababu ukurasa wa tatu wenye kiasi cha kodi unaweza kuchomolewa ukawekwa mwingine. Kilichotuhangaisha siku zote ni hicho: sahihi imeshikamana na maneno gani? Picha iliyobandikwa haijashikamana na neno lolote. Inang'oka hapa na kukaa pale.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, imeliona jambo hili. Kifungu cha 7 kinaeleza sahihi ya kielektroniki iliyo salama: imtambulishe aliyesaini, iwe chini ya udhibiti wake mwenyewe, na iunganishwe na hati kwa namna ambayo badiliko lolote litaonekana. Sasa ipime picha yako kwa maneno hayo. Ikishafika kwa mdogo wako, udhibiti umekwisha, na mkataba ukibadilishwa hakuna kitakachoonyesha.

Sahihi ya kidijitali, ile inayotimiza masharti hayo, hufanya kazi hivi. Programu huipigia hesabu hati nzima, ikatoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa njia iitwayo SHA-256, mfuatano huo huandikwa kwa alama 64, hati iwe ya ukurasa mmoja au mia tatu. Mfuatano hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya siri iliyo kwako peke yako, na mtu yeyote anaweza kuuhakiki kwa ufunguo wa pili, ule wa wazi, ambao cheti cha kidijitali kutoka taasisi inayoaminika kinathibitisha kuwa ni wako. Mtu akigeuza kodi ya 200,000 kuwa 300,000, hesabu inatoa mfuatano mwingine kabisa, na programu ya kusomea PDF inaonya kwamba hati imebadilishwa baada ya kusainiwa. Vile vifupisho vyetu vya kila ukurasa havikufika huko.

Kwa hiyo saini mwenyewe, kutoka hukohuko Muscat. Mdogo wako akutumie mkataba uliokamilika, wenye jina la mpangaji, kodi na tarehe, usio na nafasi tupu hata moja. Usome wote. Usaini kwa huduma inayotumia cheti, si ile inayochora tu mstari wa kalamu juu ya hati. Ndani ya mkataba wekeni kipengele kwamba pande zote zimekubali kusaini kwa njia hiyo. Sheria inaziruhusu pande za mkataba kukubaliana njia. Mpangaji mwema hatashindwa kungoja hadi jioni utoke kazini.

Ikiwa kazi yako haikupi nafasi hata hiyo, mpe mdogo wako hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na ubalozi wetu upo hapo Muscat uwaulize utaratibu. Iandikwe wazi kwamba ni kwa fremu hizo tu, na ni kupangisha tu, si kuuza wala kuweka rehani. Hapo atasaini kwa jina lake na mkono wake, kwa niaba yako. Mambo ya kuuza ardhi na wosia yana taratibu zake. Usiyaguse kwa simu kabla ya kumwona wakili.

SWALI

Bibi, nilisaini mkataba wa kazi kwenye kompyuta, nikauprinti, nikafuta faili ili nafasi isijae. Karatasi ninayo. Inatosha?
Msomaji, Iringa

JIBU

Haitoshi, mwanangu. Katika hati ya namna hiyo faili ndiyo asili, na karatasi ni nakala. Ule ushahidi wote wa funguo na cheti haupandi kwenye wino. Mahakama ikipima ushahidi wa kielektroniki hutazama ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, na kama ulibaki mzima.

Leo hii mwombe mwajiri akutumie tena faili lilelile, pamoja na ukurasa wa kumbukumbu unaoonyesha nani alisaini na saa ngapi. Usilifungue na kulihifadhi upya kwa jina la PDF nyingine, wala usiliskani. Weka nakala kwenye barua pepe yako iliyofungwa kwa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha hakikisho la pili kama namba inayokuja kwenye simu), na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Ukitaka kumtumia mtu, usiliwekee nenosiri faili lenyewe maana hapo unalibadilisha; liweke ndani ya faili la zip lenye nenosiri, na nenosiri hilo mpigie simu umtajie. Usiliandike kwenye ujumbe uleule.